Mikono Miwili, Mapacha Wawili: Kutoka Moshi Hadi Unguja kwa Basi na Boti

Mtu wa Moshi akisema anawapeleka mapacha wake wa miaka miwili Unguja, yeye peke yake, bila dada wala shangazi wa kumsaidia, swali la kwanza atakaloulizwa ni la bahari. Hawataogopa mawimbi? Hawatatapika? Bahari yenyewe ni saa mbili hivi, mmeketi, milango imefungwa, na watoto wengi husinzia kabla maghorofa ya Posta ya Dar hayajapotea machoni. Safari hii huharibikia kwenye mapito mafupi: mlangoni pa basi, chooni Korogwe, kwenye foleni ya vitambulisho bandarini, juu ya ubao wa kupandia boti. Ni dakika tatu hapa, dakika tano pale, ambazo ndani yake mikono yako yote miwili ina kazi na watoto nao ni wawili.

Kwa hiyo humu hamna habari za vivutio. Forodhani ipo, haikimbii. Hapa tunahesabu mikono. Watoto tuwaite Kulwa na Doto, kama Wasukuma walivyoizoesha nchi nzima, na tuseme Doto ndiye mkimbiaji, maana katika kila jozi yupo mmoja.

Ndege, treni au basi

Ndege ni nyepesi kwa mwili na nzito kwa mfuko. Uwanja wa Kilimanjaro (KIA) hadi Unguja ni kama saa moja hewani. Kinachowakwamisha wazazi wa mapacha ni kanuni moja ambayo tovuti za kukatia tiketi haziisemi kwa sauti: mtoto wa chini ya miaka 2 hupakatwa na kulipiwa sehemu ndogo tu ya nauli, lakini mtu mzima mmoja humpakata mtoto mmoja. Vinyago vya oksijeni juu ya kila safu vina hesabu yake, na ndege ikilazimika kushuka kwa dharura hakuna mtu anayeweza kuwakumbatia wawili. Basi Doto atakatiwa kiti chake mwenyewe, na kwa umri huo mashirika mengi hudai afungwe kwenye kiti cha mtoto cha gari kilichoidhinishwa kwa ndege. Piga simu kabla ya kulipa. Wakishatimiza miaka 2 kila mmoja ana kiti chake kwa lazima, na umri huhesabiwa siku ya kuruka. Sikukuu yao ya kuzaliwa ikiangukia katikati ya kwenda na kurudi, tiketi ya kurudi si ile ya kwenda. Kwa ndege ndogo za kutoka Kisongo, uwanja mdogo wa Arusha, kikomo cha mzigo mara nyingi ni kilo 15 kwa mtu, tena begi laini. Pampasi peke yake zinaweza kukumalizia nusu ya hapo, si kwa uzito bali kwa nafasi.

Treni ilirudi Moshi Desemba 2019 na Arusha Oktoba 2020, baada ya reli hiyo kulala miaka mingi. Kwa mapacha, ikiwepo, hakuna usafiri bora: kuna ujia wa kutembea, choo kipo hatua chache, na mnalala kitandani usiku kucha. Ubaya ni kwamba siku zake kwa wiki ni chache, na mvua kubwa zimewahi kuivuruga njia. Uliza stesheni wiki ileile ya safari, usitegemee alichosema jirani aliyepanda mwaka jana. Na usikate daraja la tatu kwa kubana pesa. Utailipa kwa mgongo.

Wengi watabaki na basi. Moshi hadi Dar ni kilomita kama 560, ukianzia Arusha ongeza 80. Hesabu saa tisa hadi kumi na moja, na usihesabu nane hata kama wakala ameapa.

Siti sahihi ni tatu: watoto wawili kwenye jozi moja, kila mmoja na mkanda wake uliopita nyongani, Kulwa dirishani, Doto wa ndani, nawe ng'ambo ya ujia kwa umbali wa mkono. Wengi hukata mbili, na ndivyo ilivyo maisha. Basi mmoja afungwe dirishani na mwingine umpakate, wakibadilishana. Mkanda wako ufunge mwili wako tu. Ukiupitisha juu yako na mtoto pamoja, dereva akikanyaga breki uzito wako wote unamkandamiza mtoto kwenye ule mkanda. Kondakta atakwambia wote wawili unaweza kuwapakata kwa siti moja. Unaweza, mpaka Himo.

Kaa upande wa dereva. Basi la asubuhi linateremka kuelekea kusini-mashariki, kwa hiyo jua la asubuhi linapiga upande wa mlango, na pazia za mabasi yetu tunazijua. Kaa katikati ya gari: nyuma ya magurudumu ya nyuma mnarushwa kwenye kila tuta, na safu ya kwanza mbele haina siti ya kumzuia mtoto asirushwe kwenye kioo.

Kabla gari halijaondoka, mweleze kondakta kwa idadi na namba, si kwa huruma: "Kaka, siti 21, 22 na 23 ni mtu mzima mmoja na mapacha. Tukishuka kuchimba dawa tunachelewa, usiondoe gari kabla hujatuona watatu." Namba inamkaa kichwani kuliko sura. Na mkishuka mnashuka wote. Usimwache mmoja amelala kwa abiria wa jirani hata akiwa bibi mwenye rozari. Hapo hatusemi kwamba bibi ni mwizi, tunasema kwamba mtoto akiamka asikuone atapiga yowe, bibi atasimama naye mlangoni kukutafuta, na stendi ya Korogwe ina magari yanayorudi kinyumenyume.

Mapumziko ya chakula ni dakika 20 au pungufu. Kwa mtu mmoja na mapacha, dakika hizo zinatosha jambo moja: choo au chakula. Chagua choo, chakula kiwe begini.

Uji wa lishe ni chakula kizuri cha njiani ukifuata utaratibu. Jaza chupa ya chai maji yanayochemka, funga dakika 10, mwaga, ndipo umimine uji ukiwa bado unatokota. Chupa iliyojazwa uji bila kupashwa kwanza huufanya uwe vuguvugu mapema, na vuguvugu ndimo vijidudu vinamozaliana. Usiweke maziwa humo; yanaharakisha kuchacha. Uishe kabla ya Mombo. Baada ya hapo ni ndizi, mkate mkavu, maji ya chupa. Yai la kuchemsha liliwe ndani ya saa mbili tangu litoke kwenye ubaridi, na likishamenywa lisirudi kwenye mfuko.

Pampasi: kwa siku ya basi beba zile za kubandika, si zile za kuvaa kama chupi. Za kuvaa unachana pembeni kuitoa, sawa, lakini kuivisha mpya lazima uvue viatu na suruali, mara mbili, gari likiyumba kwenye kona za Same. Ya kubandika mtoto analala mapajani, unainua miguu, umemaliza. Mtoto wa umri huu hutumia tano hadi sita kwa siku, kwa hiyo wawili ni 10 hadi 12. Beba 25 za njiani, nyingine utanunua mjini Unguja, Darajani au Michenzani. Usisubiri ufike ufukweni, maduka ya huko yanajua una shida.

Usiku wa Dar

Basi litakushusha Stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, alasiri au jioni. Stendi hiyo iliyofunguliwa 2021 ni kubwa na ina nafasi, ila hadi bandari ya abiria ni zaidi ya kilomita 20 za foleni. Usijaribu kuwahi boti ya siku hiyo. Wanaojaribu hufika getini boti ikiwa inageuza pua, na sasa wana watoto wawili wenye njaa na hawana pa kulala.

Chukua teksi au gari la kuita kwa simu. Bodaboda na mapacha isijadiliwe. Lala karibu na Posta au Kisutu ili asubuhi iwe fupi. Chumba kiwe cha chini, kitanda kikubwa kisukumwe ukutani: Doto upande wa ukuta, Kulwa katikati, wewe nje. Chandarua kifike chini ya godoro pande zote. Watoto wa Arusha na Moshi wanatoka kwenye baridi na mbu wachache. Usiku wa kwanza wa Dar wataoga jasho, na asubuhi shingoni na mgongoni kutakuwa na harara. Ni joto tu. Waogeshe maji ya kawaida, wakaushe, nguo moja nyepesi ya pamba, na uache kupaka mafuta mazito ya mgando yanayoziba ngozi.

Bandarini

Bandari ya boti ipo Barabara ya Sokoine, karibu na Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu. Tiketi iwe imeshakatwa, ofisini au mtandaoni, kwa majina kama yalivyo kwenye vitambulisho. Ukishuka kwenye gari watakujia watu watano wanaojua boti "iliyobaki nafasi mbili". Pita. Beba kitambulisho chako na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kila karatasi na nakala yake, ndani ya mfuko wa plastiki unaoning'inia shingoni. Shingoni, si begini, kwa sababu mlangoni utahitaji mkono mmoja kuzitoa na mwingine upo kwa mtoto. Cheti ndicho kinachothibitisha umri, na nauli ya mtoto hutegemea umri.

Boti za mwendo kasi za Azam Marine, zile za jina la Kilimanjaro, huvuka kwa takriban saa mbili, na ratiba ya miaka ya karibuni imekuwa na safari mbili za asubuhi, saa 1 na saa 3:30. Ihakikishe wiki unayosafiri. Mwenye mapacha achague ya saa 3:30: watoto wamekunywa chai, wamekwenda chooni, na bado umewahi kabla upepo wa mchana haujapata nguvu. Fika saa moja na nusu kabla.

Hapa sasa ndipo penye kazi. Nani anakwenda mgongoni? Watu wengi hubeba aliye mwepesi. Si sahihi. Anayebebwa ni mkimbiaji, hata kama ni mzito kwa kilo mbili, na mtulivu anatembea. Doto afungwe kwa mbeleko mgongoni: kanga peke yake huteleza juu ya jasho la Dar, tumia kitenge kigumu au mbeleko ya kushonwa yenye mikanda ya mabegani. Makalio yake yakae juu ya kiuno chako, magoti yapande kidogo kuliko makalio, kitambaa kipite toka goti moja hadi la pili, fundo liwe juu ya matiti na la pili chini ya kifua. Inama, ruka kidogo mara mbili. Akishuka hata inchi moja, funga upya hapo hapo, usisubiri ubaoni. Kulwa anashikwa kifundo cha mkono, si vidole. Vidole vya mtoto vyenye jasho na mafuta ya ndizi huchomoka kama kambale. Begi la watoto kifuani. Begi kubwa mpe mchukuzi, mkubaliane bei kabla hajaligusa, umwone likipewa lebo ya boti.

Wapo wanaobeba wote wawili, mmoja mbele, mmoja nyuma. Uwanjani ni sawa. Mtoto wa miaka miwili ana kilo 11 au 12, kwa hiyo una kilo 23 mwilini, huoni miguu yako, na unapita juu ya ubao unaopanda na kushuka na maji. Ukianguka mnaanguka watatu. Njia salama ni kumwita mfanyakazi wa boti mwenye sare aliye mlangoni: "Kaka, naomba nivushie huyu." Ni kazi yao na wanaifanya bila kununa. Anatangulia na Kulwa hatua tatu mbele yako, macho yako yapo kwake, unampokea ndani. Abiria mwenzako, hata awe na moyo gani, usimpe mtoto ubaoni. Na yeye ana begi.

Kuhusu mavazi, kuna wanaosema kila pacha avae rangi yake ili usichanganye. Siku ya safari wavalishe sawasawa, rangi kali, machungwa au kijani cha kung'aa. Macho yanatafuta rangi moja badala ya mbili. Tena mmoja akipotea, huna haja ya kueleza: unamwinua aliyebaki unasema "mwenzake kavaa hivi hivi," na bandari nzima imeelewa. Asubuhi wapige picha wakiwa wameshavaa. Namba yako ya simu iandike kwa kalamu ya wino usiofutika ndani ya mkono wa kila mmoja, juu yake upake rangi ya kucha isiyo na rangi; itadumu siku nzima hata wakinawa.

Kusi, kaskazi na tumbo

Msimu ndio unaoamua safari kuliko boti. Kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, kuanzia Desemba hadi Machi hivi, hupuliza kwa upole zaidi, na kabla yake Oktoba na Novemba bahari huwa tulivu. Kusi, upepo wa kutoka kusini, ndiyo yenye nguvu, na Juni hadi Agosti mkondo wa Unguja huchafuka hasa mchana. Hapo ndipo likizo ya shule ya katikati ya mwaka inapoangukia, kwa bahati mbaya. Wenye mapacha ambao hawajaanza shule hawana sababu ya kufuata likizo ya shule.

Ndani ya boti kaa ghorofa ya chini, katikati kuelekea nyuma. Pua ya boti hupanda na kushuka kuliko sehemu nyingine yoyote, na ghorofa ya juu huyumba zaidi kando kwa kando. Nje nyuma kuna hewa safi, inayosaidia kichefuchefu kweli, lakini kuna reli ambayo mtoto wa miaka miwili anapita chini yake. Kwa mtu mmoja, jibu ni ndani. Viyoyozi vya ndani ni vikali. Sweta za Moshi ulizozikunja ukidhani hazina kazi zivae hapa.

Walishe saa moja na nusu kabla ya kuondoka: ndizi, mkate, chai nyepesi. Si maziwa, si juisi ya embe. Watoto wa chini ya miaka 2 mara nyingi hawapati kichefuchefu cha safari. Huanza baada ya hapo na huzidi wanapokua. Mapacha wako wakiwa na miaka miwili na nusu, jiandae. Dalili ya kwanza kwa mtoto asiyejua kusema ni kunyamaza, midomo kupauka na kupiga miayo. Ukiona hivyo, mfuko wa plastiki uwe mkononi, mgeuze atazame mbele, kichwa kiegemee, zima katuni ya simu. Simu ndiyo inayowatapisha wengi: macho yanasema tumetulia, sikio la ndani linasema tunapanda.

Dawa: promethazini, ambayo wengi wanaijua kama Phenergan, haipewi mtoto wa chini ya miaka 2 kabisa, kwa sababu inaweza kumpunguzia pumzi hadi kufa. Kuna maduka yanaiuza kama sharubati ya "usingizi wa safari". Usiijaribu pia kwa mara ya kwanza baharini kwa mtoto wa miaka mitatu bila daktari, ukiwa huna mkono wa ziada wa kumwangalia.

Chooni mnakwenda wote watatu. Choo cha boti ni finyu, sakafu ina maji. Kulwa asimame katikati ya magoti yako akitazama mlango, Doto abaki mgongoni. Ndiyo, unajisaidia ukiwa na mtoto mgongoni. Mama zetu walifanya hivyo shambani.

Na jaketi la kujiokolea. Mkishakaa tu, muulize mhudumu ya watoto yapo wapi, na akuoneshe, si akuelekeze kwa kidole. La mtu mzima kwa mtoto wa kilo 12 halifai: linapanda juu, kichwa kinachomoka chini. MV Spice Islander I ilizama Septemba 2011 kati ya Unguja na Pemba ikiwa imejaza kupita kiasi, na MV Skagit ikazama Julai 2012 katika njia hii hii ya Dar na Unguja, bahari ikiwa imechafuka. Zote msimu wa kusi. Ikiwa boti imejaa hata njia za kupita, au maofisa wametangaza upepo, bakia Dar siku moja. Gharama ya kulala ni ndogo.

Mkifika Malindi, bandari ya Unguja, watu watasimama robo saa kabla boti haijafunga kamba. Wewe kaa. Shuka wa mwisho, na yule yule kaka wa mlangoni atakuwa sasa hana kazi nyingine zaidi ya kukuvushia mtoto. Nje kuna papasi, wale madalali wanaowavamia wageni. Mzigo usiuachie, na gari liwe limepangwa na nyumba mtakayofikia.

Maji kupwa, maji kujaa

Ufukwe uchague kwa maji, si kwa picha. Nungwi na Kendwa, kaskazini, maji hayaendi mbali yanapokupwa, kwa hiyo kina kipo karibu muda wote. Paje, Bwejuu na Jambiani, upande wa mashariki, bahari inaondoka mamia ya mita na kuacha vidimbwi vya maji ya uvuguvugu. Watalii wazima hulalamika. Kwa mapacha wawili na mtu mmoja hilo ndilo bwawa bora kuliko la hoteli: maji ya vifundoni, mchanga, kaa wadogo, na hakuna wimbi.

Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, kila siku yakichelewa kama dakika 50. Siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti inakaribia mita 4 na maji huwa yamekauka asubuhi kuelekea adhuhuri. Siku za maji mafu tofauti ni ndogo. Muulize mvuvi au mama wa mwani, usimuulize mhudumu wa baa. Toka saa moja kabla maji hayajafika chini kabisa na mrudi yanapoanza kugeuka, maana yanarudi kwa kujaza mifereji nyuma yako kwanza, huku mbele ukiona bado pakavu. Viatu vya mpira kwa wote. Kwenye miamba kuna viumbe wadogo wa bahari wenye miiba mirefu myeusi, na mwiba ukivunjikia kwenye unyayo wa mtoto likizo imekwisha.

Maji yasipite magoti ya mtoto. Wewe keti ndani ya maji upande wa kina, watoto wakiwa kati yako na nchi kavu, wote kwa urefu wa mkono. Ukisimama ufukweni unawatazama, wakikimbia pande mbili utamfuata mmoja. Maboya ya kupuliza ya mikononi ni toi. Na jua la kuanzia saa 4 hadi saa 10 waachie wachoma samaki.

Je, meli za kitalii?

Zile meli kubwa zenye ghorofa kumi na mabwawa hutia nanga Unguja msimu fulani, lakini kuanza safari nazo itabidi uende mbali, mfano Durban. Mwenye mapacha wadogo ajue mambo haya kabla ya kulipa. Kampuni nyingi hazipokei mtoto wa chini ya miezi 6, na kwa safari za kuvuka bahari kuu hudai miezi 12. Vilabu vya watoto, ambavyo ndivyo hasa unavyovilipia, kwa kawaida huanza miaka 3 na mtoto awe ameacha nepi. Chache tu zina chumba cha watoto wachanga, tena kwa malipo ya saa. Mabwawa makuu hayaruhusu nepi ya aina yoyote, hata ile ya kuogelea. Kwa hiyo mapacha wa miaka miwili wanakwenda kutazama maji. Subiri wafikishe mitatu.

Kigari cha kukaa ubavu kwa ubavu hukwama kwenye mlango wa chumba. Cha mbele na nyuma hupita. Chakula cha kujipakulia kinataka mikono miwili kwa sahani moja, kwa hiyo nenda ukumbi wa kuhudumiwa mezani, wakati wa kwanza wa jioni. Kunawa ni kwa sabuni, kwa sababu virusi vya kuharisha na kutapika vya melini havijali sana dawa ya kupaka ya spiriti. Mzazi mmoja avukaye mpaka abebe ridhaa ya maandishi ya mzazi mwenzake iliyothibitishwa na wakili, au cheti cha kifo, au amri ya mahakama ya malezi. Afrika Kusini ilipunguza masharti yake ya makaratasi ya watoto mwaka 2019, ila ofisa wa mpakani bado anaweza kuuliza.

Mkiugua, na mkisharudi

Kosa la dawa la mapacha ni moja: mmoja hupewa mara mbili na mwingine hakupewa. Usiku, taa imezimwa, wote wanalia. Bandika plasta ya karatasi kwenye chupa, chora mistari miwili, K na D, na kila unapotoa andika saa. Paracetamol ya maji ya mg 120 kwa ml 5, mtoto wa kilo 12 hupewa ml 5, isizidi mara 4 kwa siku, na angalau saa nne katikati. Soma chupa, kwa sababu zipo zenye nguvu mara mbili.

Mmoja akiharisha, vikombe vitengwe saa hiyo hiyo. Pakiti ya ORS iliyoandikwa lita 1 inakwenda kwenye lita 1 kamili, chupa mbili za nusu lita za dukani, si kikombe kwa kukisia. Ikikolea chumvi inamdhuru. Chini ya miaka 2 apewe ml 50 hadi 100 kila akiharisha, kuanzia miaka 2 ml 100 hadi 200. Akitapika ngoja dakika 10, urudie kwa kijiko. Yakibaki baada ya saa 24, yamwage. Mpe na zinki, mg 20 kwa siku, siku 10 hadi 14, kwa mwenye kuharisha tu. Macho yakizama, akishindwa kunywa, au kinyesi kikiwa na damu, hospitali, na unakwenda na wote wawili, kwa hiyo nepi na maji ya yule mzima vikae kwenye begi lile lile.

Malaria hujionesha kuanzia siku ya 7 baada ya kuumwa na mbu, wakati mwingine baada ya wiki kadhaa, wakati sweta zimesharudi mwilini na harara imeshakauka. Mtoto wa Arusha au Moshi akipata homa ndani ya mwezi mmoja baada ya kurudi, apimwe siku hiyo hiyo, na mhudumu aambiwe kwa kutaja tarehe kwamba mtoto alilala Dar. Kwa baridi yetu huku, mtu hufikiri mafua kwanza. Mpime na pacha mwenzake akichemka hata kidogo. Walilala chandarua kimoja.